Kibali cha ujenzi: nilivyopita mimi, na pale nilipokwama

Mtu akishanunua kiwanja kitu cha kwanza anachowaza ni tofali, cha pili fundi, kibali anakuja kukikumbuka siku amefika saiti amekuta ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu SIMAMISHA UJENZI. Binamu yangu yalimkuta hayo akiwa ndo kamaliza kumwaga lenta, boma likakaa miezi saba mpaka lundo la mchanga likaota majani, alafu akalipa faini na kibali akakiomba vile vile. Kwahiyo ilipofika zamu yangu nikasema hapana, mimi naanza na makaratasi. Na bado nilirudishwa mara mbili.

Hapa naelezea nilivyopita, ni Dar, nyumba ya kawaida ya chini, vyumba vitatu na sebule, ya kuishi mwenyewe. Mikoani utaratibu ni ule ule, kinachobadilika ni kasi ya ofisi na foleni.

Jambo moja liwekwe sawa kabla hatujaanza, kibali cha ujenzi kinatolewa na halmashauri, yaani manispaa, jiji au mji, sio mwenyekiti wa mtaa wala mjumbe. Ile karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba fulani kamuuzia fulani mbele ya mashahidi, basi. Haikupi ruhusa ya kuchimba msingi. Watu wengi wanaishika kama hati, wanailaminate kabisa na kuitundika sebuleni, alafu siku manispaa wanapita na gari wanabaki kushangaa.

HATUA YA 1: jua unamiliki nini

Kiwanja kilichopimwa kina namba ya kiwanja na kitalu, kwa mfano kiwanja namba 214 kitalu C, na kiko kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Kama una hati miliki (ile ya miaka 33, 66 au 99) au barua ya toleo (ile barua ya kukumilikisha kiwanja kabla hati haijatoka) yenye jina lako, wewe uko pazuri, ruka hatua hii.

Kama hati ina jina la aliyekuuzia, hapo bado. Kibali kinaombwa na mwenye jina kwenye umiliki. Fanya uhamisho kwanza, kuna mkataba wa mwanasheria, kuna uthamini, kuna kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu, na muuzaji anatakiwa awepo kusaini. Sasa hapo ndo ugomvi unapoanzia maana muuzaji ushamlipa hela yote na simu yako hapokei tena. Ushauri wangu, mwisho wa malipo uwe siku ya kusaini fomu za uhamisho, bakiza hata milioni moja mkononi mwako, utaona anavyokuja bila kuitwa.

Kama kiwanja hakijapimwa (na Dar maeneo mengi ni hivo) basi huwezi kupata kibali cha kawaida mpaka eneo lipangwe na lipimwe. Uliza mtaani kwako kama urasimishaji (kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango) ulishafika, inawezekana mchoro wa mipango miji ulishapitishwa, wenyewe wanauita TP, na kilichobaki ni wewe kuchangia gharama za upimaji upate namba. Leseni ya makazi ni nzuri kwa kutambulika na hata benki wengine wanaikubali, ila ni ya muda mfupi, haina nguvu sawa na hati. Kama uko kijijini kwenye ardhi ya kijiji anza na mtendaji wa kijiji na halmashauri ya kijiji, huko kuna hati ya kimila na njia yake ni nyingine, siielezei hapa.

HATUA YA 2: fanya search hata kama muuzaji ni shemeji yako

Unaenda ofisi ya ardhi ya mkoa kwa msajili wa hati unaomba upekuzi wa hati, unalipia kwa kontro namba, wanakupa majibu ya maandishi: mmiliki ni nani, kuna rehani ya benki, kuna zuio la mahakama au la mwenza. Alafu nenda na upande wa mipango miji pale halmashauri uwaulize matumizi ya hicho kiwanja kwenye mchoro ni nini. Hili watu wanalisahau. Unaweza kuwa umeuziwa sehemu ya eneo la wazi, au kiwanja cha shule, au cha kuabudia, na kinaonekana safi kabisa na kina mihogo.

Vitu viwili vya kupima kwa macho ukiwa pale pale kiwanjani. Kwanza maji: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Waulize waliokuwa bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015 tingatinga lilipoingia. Pili barabara: sheria ya barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ikafika mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, zamani ilikuwa 22.5. Na kuna sehemu zina vipimo vyake, wa Kimara mpaka Kiluvya waliobomolewa 2017 waliambiwa mita 121.5 kila upande wa barabara ya Morogoro, na kuna waliokuwa na nyumba nzuri tu za miaka mingi. Kwahiyo kiwanja cha "barabarani kabisa" ambacho dalali anakisifia, kisifie ukiwa na futi kamba.

HATUA YA 3: tafuta bikoni zako, zote

Hapa nakaa kidogo maana ndipo nilipookoka.

Bikoni ni lile jiwe la zege lenye chuma katikati na namba imeandikwa juu, kila kona ya kiwanja lipo moja. Muuzaji alinionyesha tatu akasema ya nne iko kwenye majani huko. Nikaridhika. Kabla ya kumpa mchoraji kazi nikamchukua savea, tukaenda jumamosi asubuhi na ile mashine yake ya kwenye fimbo, akaingiza namba zake akawa anatembea taratibu anaangalia kiskrini, akasimama katikati ya bustani ya matembele ya jirani akasema "iko hapa". Jirani katoka na kanga kiunoni anauliza kulikoni. Tukachimba, hakuna kitu. Ile bikoni ya nne tukaja kuikuta imelala chini ya mpapai upande wa pili, imeng'olewa zamani, na namba inasomeka vizuri tu.

Maana yake ni kwamba matembele yalikuwa yameingia kwangu kama mita moja na robo kwa urefu wote. Hatukugombana. Mama wa watu alisema hata yeye alinunua hivo hivo kwa kuonyeshwa kwa kidole. Tukamwita mjumbe na mtendaji wa mtaa, savea akairudisha bikoni mahali pake kwa vipimo vya ramani ya upimaji, tukasainishana. Sasa fikiria ningekuwa nimejenga kwa kufuata mpaka wa matembele, ramani yangu ingegoma siku ya ukaguzi maana vipimo vya karatasi na vya ardhini visingefanana.

Mlipe savea, mpe posho ya nauli, hiyo hela sio ya kubania. Na wakati yupo pale piga picha kila bikoni na namba yake ionekane, zitakusaidia mbele.

HATUA YA 4: ramani

Kosa langu la kwanza hili hapa. Nilikuwa na ramani nzuri niliyopewa na rafiki aliyejenga Dodoma, nikaipeleka kwa mchoraji nikamwambia badilisha jina tu. Kiwanja changu kina upana mita 20 na urefu mita 22. Kwenye masharti niliyopewa natakiwa niache mita 3 mbele na mita 1.5 kila ubavu, kwahiyo upana wa nyumba mwisho mita 17. Ile ramani ilikuwa mita 17.6. Sentimita sitini tu! Ikarudi. Yule afisa wala hakuongea sana, alizungushia duara la kalamu nyekundu ubavuni, akaandika "rekebisha", akanirudishia.

Kwahiyo usianze na ramani ukaitafutia kiwanja, anza na kiwanja. Toa kwanza nafasi za kuacha mbele, nyuma na pembeni, uliza na asilimia ya kiwanja unayoruhusiwa kufunika na jengo, kinachobaki ndo mchore humo. Masharti yanategemea ukubwa wa kiwanja na eneo, usichukue ya kwangu ukayafanya ya kwako. Kitu kizuri ni kwamba unaweza kupeleka mchoro wa awali kwanza, rasimu, wakakuambia hapa sawa hapa hapana, kabla hujamlipa mtu kumalizia michoro yote. Mimi sikulijua hili mpaka nimesharudishwa, na haigharimu kitu kumuuliza afisa.

Michoro kamili inatakiwa ionyeshe mpangilio wa vyumba, nyumba ikionekana pande zote nne, mkato wa kuonyesha ndani kutoka msingi mpaka paa, mchoro wa msingi, mchoro wa paa, na kiwanja kizima nyumba ikiwa imekaa ndani yake na vipimo vya kuacha. Pia maegesho ya gari, shimo la maji taka, na namba ya kiwanja na kitalu, jina lako, jina na mhuri wa aliyechora. Nyumba ya chini utaambiwa seti tatu za michoro ya jengo. Ukiwa unapandisha ghorofa unaongeza seti mbili za michoro ya vyuma yenye hesabu za enjinia.

Mchoraji awe anayetambulika. Msanifu majengo anasajiliwa na bodi ya AQRB na enjinia anasajiliwa na ERB, muulize namba yake ya usajili bila aibu. Kuna vijana wanachora vizuri sana kwenye laptopu, tatizo michoro yao haina mhuri, kwahiyo inabidi watafute wa kuwagongea na wewe unalipa mara mbili. Na kama ni ghorofa naomba usicheze kabisa, lile jengo la ghorofa 16 mtaa wa Indira Gandhi lilianguka Machi 29, 2013 likaua watu 36, na lilikuwa katikati ya mji sio porini.

HATUA YA 5: kukusanya na kutuma

Andaa hivi vitu uviskani viwe PDF inayosomeka, sio picha ya simu yenye kivuli cha kichwa chako:

- hati au barua ya toleo
- namba ya NIDA, na TIN kama unayo kaa nayo karibu
- risiti ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu. Kama unadaiwa ya nyuma lipa, usijaribu kuficha, mfumo unaona. Kontro namba unaweza kuitoa kwa simu kupitia *152*00#
- mkataba wa mauziano kama ulinunua
- michoro
- fomu ya maombi iliyojazwa

Siku hizi halmashauri nyingi maombi yanapita kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, unafungua akaunti kwa namba ya NIDA unajaza unapandisha mafaili. Hata hivo mimi nilienda ofisini pia kuuliza maombi yangu yako meza ya nani, na nakushauri uende. Mfumo unaweza kukuandikia "inashughulikiwa" wiki tatu kumbe kuna karatasi moja haifunguki na hakuna mtu wa kukupigia. Nilimkuta dada mmoja mapokezi, nikamwamkia vizuri nikamsubiri amalize chai yake, akafungua akaniambia kaka hati yako umepandisha ukurasa wa kwanza tu. Dakika tano tatizo likaisha.

Ukiona neno usilolielewa kwenye fomu usijaze kwa kubahatisha. Kwenye makadirio ya gharama za jengo andika ukweli unaoelekeana na michoro, ukiandika milioni tano kwa nyumba ya vyumba vitatu utaonekana unachekesha.

HATUA YA 6: wakaguzi

Faili lako linapita kwa watu kadhaa, mipango miji, upimaji na ardhi, afya, enjinia, na zimamoto na mazingira kulingana na jengo lenyewe. Wanakuja saiti. Uwepo, au umweke mtu anayejua mipaka, na safisha majani bikoni zionekane.

Nilirudishwa mara ya pili hapa, na alikuwa bwana afya. Mimi nilijiandaa kuulizwa nguzo na nondo, yeye kafika kaangalia upande mmoja tu, "shimo la choo liko wapi?" Nikamwonyesha kwenye mchoro, kona ya nyuma kushoto. Akatembea mpaka pale, akachungulia juu ya ukuta wa jirani, akaniita na mimi nichungulie. Kisima. Kina ndoo na kamba, na mtoto anachota maji. Akaniuliza "ungekuwa wewe ungekunywa?" Nikakaa kimya. Tukahamishia shimo mbele karibu na geti ambapo hata gari la kunyonya litaingia bila kupita kwenye korido ya watu, na ukiangalia sasa hivi ni bora zaidi kuliko nilivyopanga mimi. Mchoraji alinitoza elfu hamsini kubadilisha.

Kwahiyo kabla hujatuma michoro zunguka kiwanja chako uangalie na ya jirani: kisima kiko wapi, shimo lake liko wapi, maji ya mvua yanaelekea upande gani, nguzo ya Tanesco ikoje. Afya wataangalia pia madirisha na hewa, chumba kisichokuwa na dirisha la nje usitegemee kipite hata ukikiita stoo.

HATUA YA 7: lipa na usubiri

Ada inategemea ukubwa na aina ya jengo, utapewa kontro namba, unalipia benki au kwa simu, risiti inatoka. Hela yoyote inayoombwa bila kontro namba sio ada. Kishoka atakufuata tu pale nje, kavaa kadi shingoni, atakuambia kikao kinakaa alhamisi na yeye anaweza kuliweka faili lako juu. Faili langu lilipita bila huyo jamaa, na rafiki yangu aliyempa laki mbili na nusu alikuja kupewa kibali cha fotokopi chenye namba ya mtu mwingine.

Muda sikupi ahadi. Kwangu kutoka siku ya kutuma mpaka kukabidhiwa ilikuwa wiki tisa pamoja na kurudishwa kote. Usiagize tofali wala kumlipa fundi advansi kwa kutegemea tarehe uliyoambiwa kwa mdomo.

HATUA YA 8: kibali kimetoka, sasa kisome

Kina masharti nyuma, wengi hawageuzi. Changu kilikuwa na muda wa kuanza ujenzi, na hati yenyewe ina sharti lake la kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36, ukipitiliza unaomba kuongezewa, hukai kimya. Toa taarifa kwa mkaguzi kabla ya kuchimba, fundi akishapiga kamba na kuchora msingi kwa chokaa mwite aje aone ndo mchimbe, maana kufuta chokaa ni bure ila kung'oa msingi unalia. Ataangalia tena msingi, lenta, na kupaua.

Fotokopi ya kibali na seti moja ya michoro viwe saiti muda wote. Mimi niliweka kwenye mfuko wa nailoni nikapigilia ndani ya banda la mlinzi, original iko nyumbani. Walikuja mara mbili mimi nikiwa kazini, mlinzi akawaonyesha wakasoma wakaondoka.

Ukitaka kubadilisha kitu, unaongeza chumba au jiko la nje au umeamua kupandisha ghorofa, rudi halmashauri na michoro ya marekebisho. Kile kibali ni cha nyumba iliyochorwa, sio cha kiwanja. Ukimaliza waite wakague waandike kwamba jengo linafaa kukaliwa, wengi hatufanyi ila benki na mnunuzi wa kesho wanaweza kuiulizia hiyo karatasi. Na ukishawekewa umeme usishangae LUKU ikikata buku na mia tano kila mwezi, ni kodi ya jengo hiyo, sio wizi.

Na uzio. Uzio nao unaombewa kibali, hili nimelijua nikiwa nimeshashusha tofali mia sita na fundi kaanza kuchimba. Mtendaji akanipigia nikiwa kwenye daladala, "bosi, vijana wako wanachimba nini huku?" Nikawaambia waweke majembe chini, nikaenda kuanza upya na fomu nyingine, mchoro mwingine na kontro namba nyingine. Kama unajua utazungushia ukuta mwambie mchoraji auweke kwenye michoro ile ile ya nyumba toka siku ya kwanza.